Mzinga wa Mzee Gaspari Kwenye Ukurasa wa Makosa

Jumamosi, 12 Juni 1999. Asubuhi baridi kavu, upepo unatoka upande wa stesheni na vumbi lake, mchana jua kali, wingu hata moja hakuna.

Nimekaa na daftari hili tangu jioni na mstari wa kwanza nimeufuta mara tatu. Basi niseme tu. Leo nimemwaibisha mzee wa watu mbele ya mkutano mkuu, na nilipopata nafasi ya kusema ni mimi, nikasema ni mashine. Hilo la pili ndilo linaloniuma zaidi. Naandika kila kitu kama kilivyokuwa, cha kwangu na cha wengine, ili nyie mtakaosoma (Vero mdogo wangu, najua unalisoma daftari langu nikiwa kazini, usijifanye) msije mkasikia ya mtaani mkadhani ndiyo yenyewe. Ingawa ya mtaani nayo si mabaya sana, mengi ni kweli.

Nianze na kazi yangu, maana hata baba mpaka leo akiulizwa anasema "binti yangu yuko kwenye nyuki," na mimi mzinga sijawahi kuupanda. Ni karani wa umoja wa warina asali hapa Mpanda. Elimu yangu darasa la saba na miezi mitatu ya taipu kwa masista, basi. Ninachokijua cha nyuki nimekijua kwenye karatasi: majina ya wanachama, vijiji vyao, na alama zao. Kila mrina asali ana alama anayoichonga kwenye mizinga yake, ili mtu akiukuta porini ajue ni wa nani, na mimi ndiye niliyezichora zote kwenye rejesta kwa kalamu na rula. Kwa hiyo alama nazijua. Lisije likasemwa kwamba sikuzijua.

Wiki tatu zilizopita akaja Bi Rehema, mtaalamu wa kompyuta kutoka Dar, mama wa makamo, mcheshi, aliyeshuka kwenye treni na boksi za vifaa amezifunga kwa kanga zake mwenyewe. Wafadhili walishatupatia kompyuta mwaka jana, ikawa inafunikwa kitambaa cha mezani. Yeye kaja kututengenezea websaiti, yaani kurasa ambazo mnunuzi wa asali aliyeko Ulaya atazifungua kwenye kompyuta yake na kutuona. Huku kwetu mtandao haujafika, hivyo mpango ukawa tunazitengeneza hapa, tunazionyesha kwa wanachama kwenye mkutano mkuu, kisha Bi Rehema anazipeleka Dar kwenye disketi na huko ndiko zitakapowekwa hewani. Kila mwanachama na ukurasa wake: picha, kijiji, alama ya mizinga. Mimi nachapa, yeye anarekebisha nilipoharibu. (Hapo alikuwa na kazi nyingi.)

Jumatatu ya wiki iliyopita akaniita. "Skola, kuna kitu watu wanakisahau. Mtu akiomba ukurasa ambao haupo, mashine haikai kimya. Inajibu."

Akanionyesha inavyojibu: karatasi nyeupe tupu, maneno ya Kiingereza, na namba mia nne na nne juu yake kama jina la ugonjwa kwenye kadi ya zahanati.

"Mnunuzi akiona hivi anadhani duka limeungua," akasema. "Tuwe na kurasa zetu za makosa. Zenye adabu."

Akanieleza ziko za namna tatu. Kuna ya kitu kisichokuwepo, kuna ya mlango uliofungwa, na kuna ya siku mashine yenyewe inapougua. Unaandika kurasa zako, halafu kwenye faili moja dogo unaiambia mashine: kosa hili likitokea, toa ukurasa huu. Mistari mitatu tu. Akaniachia niifanye peke yangu, na nilipomaliza akajaribu kwa kuomba ukurasa unaoitwa "nyanya," na badala ya ile karatasi nyeupe ukaja wa kwangu, kwa Kiswahili changu: *Samahani. Ukurasa unaoutafuta haupo. Tafadhali rudi mwanzo.* Nyie, nilifurahi mpaka nikaona aibu. Mashine imekosa kitu na imeomba radhi kwa maneno ya mtoto wa mlinzi wa reli!

Laiti ningeishia hapo. Lakini niliuangalia ukurasa ule nikauona uchi. Maneno mawili matatu na nafasi tupu chini. Nikasema niuwekee picha.

Ofisini kuna sanduku la viatu limejaa picha alizoziacha bwana mmoja wa misitu aliyewahi kutembea na warina asali porini. Kwa ukurasa wa mlango uliofungwa nikachagua mzinga ulioko juu ya mti na kizibo chake. Kwa wa mashine kuugua nikachagua mzee anayepiga chafya kwenye moshi. Kwa wa kitu kisichokuwepo nikakuta picha ya mzinga wa gogo uko chini kwenye majani makavu, umelala kifudifudi, mtupu, na alama yake juu inaonekana vizuri: mikato miwili iliyolala na mmoja unaoikata katikati. Alama ya Mzee Gaspari wa Inyonga.

Niliijua. Naandika tena, niliijua. Nikafikiri, picha ni nzuri, inaonyesha kabisa kwamba ulichokuja kukitafuta hukikuti, na hata hivyo nani atauona? Huu ni ukurasa wa kutoonekana. Nani atafute kitu ambacho hakipo? Bi Rehema alipoupitia akasema, "Mzuri," akaendelea na yake (yeye wa Dar, mikato mitatu kwenye gogo kwake ni mikato mitatu, simlaumu).

Sasa niwaeleze Mzee Gaspari ni nani, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini nimekaa na daftari hili tangu jioni. Ni mzee mrefu, mkimya, anavaa koti la mvua la kijani hata kiangazi, na akija ofisini anasimama mlangoni mpaka akaribishwe mara mbili. Tangu msimu uliopita wanachama wamekuwa wakikuta mizinga yao imerinwa na mtu mwingine. Hasira ziko juu. Ndiyo maana mkutano wa leo ulikuwa umchague mwamuzi wa alama, mtu wa kuaminiwa atakayesikiliza kesi hizo, na jina lililokuwa linatajwa kila kijiji lilikuwa la Mzee Gaspari. Yeye mwenyewe hakuomba. Aliniambia mwezi uliopita, wakati anatia saini fomu yake ya mavuno pole pole kama anachonga, "Mwanangu, nikipewa kazi hii nitafurahi. Usimwambie mtu." Sikumwambia mtu.

Jana Ijumaa ndipo palipoharibika kidogo. Kurasa za wanachama wa Litapunga zilikuwa kwenye disketi moja, na disketi hiyo niliibeba kwenye kikapu pamoja na chupa za asali za maonyesho, na moja ilivuja (hili sikumwambia Bi Rehema mpaka leo jioni). Tulipoiweka, mashine ikakoroma, ikakoroma, ikasema haisomi. Kuzichapa upya muda hakuna. Bi Rehema akasema, "Acha. Tutawaambia zinakuja. Mtu akibonyeza jina la Litapunga ataona ukurasa wako wa samahani. Kazi yake si ndiyo hiyo?"

Nikasema ndiyo. Nikalala vizuri kabisa, hata hilo niliandike.

Leo ukumbi wa parokia ulijaa mpaka watu wanachungulia madirishani. Kompyuta juu ya meza mbele, jenereta nje inanguruma, mimi nimekaa nimeshika kile kipanya, Bi Rehema pembeni yangu. Kioo chenyewe kidogo, kwa hiyo Mwenyekiti wetu, Bwana Alfonsi, akapanga foleni: mwanachama anakuja, namtafutia jina, anajiona, anapita. Wa benchi la mbele wanawasimulia wa nyuma, wa nyuma wanawasimulia wa dirishani. Bwana Alfonsi anapenda maneno makubwa. Akasimama akasema, "Leo kila mwanachama ataonana na yeye mwenyewe akiwa duniani! Mashine hii haijui kudanganya, haijui undugu, haijui rushwa! Ulichonacho ndicho itakachoonyesha!"

Watu wakapiga makofi. Hata mimi nilipiga.

Wakapita wa Inyonga, Mzee Gaspari akiwamo, akajiona na koti lake, akatikisa kichwa, akarudi kukaa. Wakapita wa Sitalike. Bwana Masanja, Msukuma mmoja mkubwa mwenye ng'ombe wengi na mizinga michache, akainamia kioo.

"Mbona mmenifanya mweusi hivi?"

"Ndivyo ulivyo, bhabha," mtu akamjibu. "Hujasikia? Mashine haina undugu."

Ukumbi ukacheka. Yalikuwa mambo mazuri mpaka hapo.

Ikafika zamu ya Litapunga. Bi Rehema alikuwa ametoka kidogo kuangalia jenereta, maana ilianza kukohoa. Na ni mimi niliyetakiwa kusema, "Jamani wa Litapunga, kurasa zenu bado." Nilikuwa nimeliandaa hilo neno tangu asubuhi. Lakini mbele ya foleni alisimama Mama Fides, amevaa kitenge kipya, kilemba juu, kamshika dada yake mkono aje amwone, na nikaogopa kumkatisha mbele ya watu, nikasema moyoni, ukurasa utamwambia wenyewe. Kwa upole kuliko mimi.

Nikabonyeza.

Mama Fides akaangalia. Akasogea. Maneno hakuyasoma, sidhani kama mtu yeyote leo aliyasoma maneno yangu. "Hii si alama ya Gaspari?" akasema.

Benchi la mbele likainamia kioo.

"Wamemlaza," Mama Fides akasema, safari hii kwa sauti ndogo, na yeye sauti ndogo hana. "Wamemlaza kifudifudi."

Sikujua maana yake. Naapa. Nimejua dakika hiyo hiyo, kwa sababu mzee mmoja alikuwa anamweleza kijana wake pale pale sikioni mwangu: zamani, kabla ya umoja na rejesta, mtu akithibitika ameiba asali ya mwenzake walikuwa wanaushusha mzinga wake, wanaulaza njiani kifudifudi, alama juu, kila apitaye aone. Baada ya hapo mtu huyo porini hana jina. Hapandi mti na wenzake, hapewi moto. Mimi mtoto wa reli, alama nazijua kwa rula, hilo sikulijua, na halikuandikwa kwenye karatasi yoyote niliyowahi kuchapa.

Nyuma wakauliza, "Kuna nini?" Wa mbele wakajibu, "Gaspari kalazwa." Ilipofika katikati ikawa ofisi imemkamata. Ilipofika dirishani (ameniambia Vero, alikuwepo huko) ilikuwa amefukuzwa na asali imekutwa kwake.

Na mimi nikafanya nini? Nikabonyeza jina la pili la Litapunga. Nilidhani nikiondoka kwenye ule ukurasa utasahaulika. Ukaja ule ule. Nikabonyeza la tatu. Kila nikibonyeza mzinga wa Mzee Gaspari unaanguka tena mbele ya watu.

Bwana Alfonsi akainama sikioni. "Skola, hiki ni nini?"

Hapa ndipo. Ningeweza kusema. Niliyaona maneno yamepangana mdomoni, ni mimi, niliichagua kwa uzuri wake. Nikasema, "Mashine imekosea."

Akasimama akatangaza, "Wanachama, tulieni! Karani anasema ni mashine yenyewe!"

"Yenyewe?" Mama Fides akauliza. "Hakuna mtu aliyeiambia?"

"Yenyewe!"

"Sasa mashine ya Ulaya imeijuaje alama ya porini Inyonga?"

Halafu sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Si mlituambia haijui kudanganya?" na nyingine, "Haijui undugu!" na ukumbi ukaanza kuvuma kama, niseme tu, kama mzinga, sina neno jingine. Uongo wangu mdogo wa kujificha ulikuwa umegeuka shahidi. Kama ningesema ni mimi, wangesema karani mjinga. Kwa kusema ni mashine, ikawa aliyemtaja mzee ni kitu kisicho na macho wala shemeji.

Mzee Gaspari akasimama. Akaja mbele taratibu, watu wakampisha zaidi ya alivyohitaji. Akatoa kadi yake ya uanachama kwenye mfuko wa ndani wa koti, imefungwa na nailoni isilowe, akaiweka mezani karibu na mkono wangu. Mimi hakuniangalia. Akamwambia Mwenyekiti, "Sijawahi kushusha mzinga wa mtu. Kama ofisi inajua jingine, ofisi ikae na kadi." Akageuka akaanza kwenda mlangoni.

Bi Rehema alikuwa anaingia. Wakapishana. Akaangalia kioo, akaangalia watu, akaniangalia mimi, na kwa kuwa ana akili akaelewa sehemu kubwa. Akainama. "Skola. Unasema, au niseme?"

Nikasimama. "Ni mimi," nikasema, hakuna aliyesikia. Nikasema tena, ikatoka kama kelele: "Ni mimi niliyeiweka! Mashine haijui kitu! Huu ni ukurasa wa kusema samahani, unatoka wakati kitu hakipo, kurasa za Litapunga hazipo kwa sababu disketi imekufa, na picha nimeichagua mimi kwenye sanduku la viatu, nimeona nzuri, sikujua habari ya kulaza!"

Mnadhani ikaisha? Ilianza upya. "Nani amekutuma?" Hilo ndilo lililofuata, kutoka pande tatu. Picha ya mzee, siku ya uchaguzi, karani wa ofisi! Hata mimi ningekuwa nimekaa kule nisingejiamini. Nikasema hakuna aliyenituma. Mtu akasema, "Kwanza ulisema mashine, sasa unasema wewe, saa nane utasema nani?" Alikuwa na haki.

Aliyeniokoa, kama ni kuokolewa, ni Mzee Gaspari mwenyewe. Alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza, "Hiyo picha. Nani alipiga?"

"Yule bwana wa misitu, babu."

"Niione."

Lakini Bi Rehema alishairudisha mashine kwenye ukurasa wa mwanzo, watu watulie. Nikasema, "Babu, ili itoke lazima tutafute kitu ambacho hakipo."

Kisha Bwana Masanja kutoka Sitalike, Mungu ambariki huyu mtu: "Tafuta mke wa pili wa Mwenyekiti!"

"Masanja, kaa chini."

"Basi tafuta lami ya kwenda Tabora!"

Nikachapa *lami*. Mashine ikafikiri kidogo, ikajibu: Samahani. Ukurasa unaoutafuta haupo. Benchi la mbele likasoma kwa sauti, mara ya kwanza leo maneno yangu kusomwa, na ukumbi mzima ukaangua kicheko, hata wa madirishani. Mzee Gaspari hakucheka. Aliinama, akaweka kidole kwenye kioo.

"Njooni," akawaambia walio karibu. "Hapa pembeni ya mdomo wa mzinga mnaona nini?"

Mama Fides akainama. "Mikwaruzo."

"Ya panga?"

"Si ya panga." Akasogea zaidi, kilemba kinagusa kioo. "Ni kucha. Ni nyegere huyu."

"Nyegere alipanda, akauangusha, akala asali na watoto wa nyuki. Moshi upo? Masizi mnayaona? Watu wanaushusha mzinga bila moto? Niliukuta asubuhi, nikiwa na yule bwana. Niliugeuza mimi mwenyewe kwa mkono wangu nione ulivyovunjika, ndiyo maana alama iko juu, naye akapiga picha." Kidole kikashuka kwenye kona ya chini, mahali ambapo mimi kwa wiki nzima niliona giza tu. "Na hiki ni kivuli cha koti langu."

Kweli kilikuwa koti. Wakapokezana kuangalia, wa mbele wakawaambia wa nyuma, na neno "nyegere" likatembea kwenye mabenchi. Lakini nilisikiliza kwa makini, na halikutembea kwa kasi kama lile la kwanza.

Uchaguzi ukafanyika. Akachaguliwa mtu wa Sitalike, mtu mzuri, sina la kusema juu yake. Mzee Gaspari alipata mikono ya wengi, haikutosha. Inawezekana asingepita hata bila mimi, maana Sitalike walikuja wengi, na nimejaribu kujiambia hivyo tangu saa tisa. Lakini Mama Fides, ambaye aliziona kucha kwa macho yake na kuzitaja kwa mdomo wake, niliuangalia mkono wake ulipofika wakati wa Mzee Gaspari. Ulikuwa mapajani. Nilimkuta baadaye nje, nikamuuliza, na hakunificha. "Mwanangu, nimeziona kucha. Lakini na mzinga nimeshauona umelala. Nifanyeje sasa, niyang'oe macho?"

Nilimfuata Mzee Gaspari alipokuwa anafungua baiskeli aliyoazimwa na mkwewe (mzee yuko kwa binti yake Kawajense, hapa hapa Mpanda, mpaka wiki ijayo). Kadi yake nilikuwa nimeishika. Nilianza kuomba radhi, nikaanza tena, akanyanyua mkono kidogo, si kwa ukali.

"Ule ukurasa utauacha?"

"Naufuta, babu. Naufuta leo."

"Usiufute. Vitu vitaendelea kukosekana." Akafikiri, akapangusa kiti cha baiskeli. "Umeandika samahani. Samahani ya nani? Sisi porini mzinga usio na alama hatuujui, hatuna wa kumuuliza. Ukurasa wako uliuwekea alama yangu. Weka yako."

Nikamnyooshea kadi. Hakuipokea.

"Jumatatu nitapita ofisini," akasema. "Nitaona ulivyoandika, ndipo nitaichukua." Akapanda, koti la kijani likapepea, akaenda. Asipoichukua sijui nitamwambia nini Mwenyekiti, wala mwenyewe nitajiambia nini, maana mzee huyu bila umoja asali yake atamuuzia nani, wa barabarani kwa bei ya barabarani.

Bi Rehema anaondoka na treni ya Jumanne na disketi zake. Ameniachia ufunguo wa ofisi nikachape kesho baada ya misa. Picha zote tatu nazitoa, hata ya mzee wa chafya, maana na yeye sikumuuliza. Ukurasa wenyewe nimeuandika hapa kwanza kwa kalamu, nimekata kata, umebaki hivi:

*Ukurasa unaoutafuta haupo. Kosa ni la ofisi, si la mwanachama. Aliyekosea ni mimi, Skolastika, karani. Niulize mimi.*

Vero (keshaingia, keshasoma, nilijua) anasema huwezi kuwaambia wazungu jina la mtu aliyekosea kabla hata hajakosea. Labda. Lakini nimejiwekea neno, na naliandika hapa ili lisibadilike nikipata usingizi: sitaweka tena kitu cha mtu mahali kwa sababu ni kizuri kabla sijamuuliza mwenyewe, na sitasema tena ni mashine. Kama nitaweza hilo la pili sijui. Leo niliweza mara moja, na ni kwa kusukumwa.

Usiku huu tumekula ugali na samaki, migebuka mikavu ya Karema, na kisamvu. Mama aliweka mezani chupa ya asali tuliyogawiwa mkutanoni, baba akaichovya, Vero akaichovya, wakaniuliza mbona mimi sichovyi. Nikasema nimeshiba. Kadi ya Mzee Gaspari niliiweka kwenye kabati la vyombo, juu, mbali na asali.